Fizi za mama zinatoka damu na sukari haishuki: tung'oe, tusafishe au tuache?

Swali: Shikamoo daktari. Niko Makorora, Tanga. Mama yangu ana miaka 58, kisukari anacho mwaka wa tisa sasa, anatumia metformin na kliniki hakosi. Tangu mwaka jana fizi zinamtoka damu akipiga mswaki, mdomo una harufu, na meno mawili ya mbele chini yanacheza. Sukari nayo imegoma: kipimo cha mwisho cha miezi mitatu kilisoma 9.4. Jirani yetu anasema tumng'oe meno yote, sukari itashuka yenyewe. Shangazi anasema mgonjwa wa sukari haguswi jino, kidonda hakitafunga. Mimi nimesoma kwenye simu kwamba kusafisha fizi kunashusha sukari. Nani mkweli? Na tambuu anayotafuna ina neno?

Jibu: Marahaba, binti yangu, na mfikishie bi mkubwa salamu zangu.

Jirani amekosea. Shangazi ana robo ya ukweli. Simu yako imesema kweli, ila imeruka sehemu ambayo mabingwa wenyewe walibishana kwa miaka. Mama hahitaji kung'olewa meno yote. Anahitaji fizi zitibiwe, tena mapema, huku dawa za sukari zikiendelea na pengine daktari wake akaziongeza. Fizi zikitulia, sukari hushuka kidogo. Hicho kidogo nitakueleza ni kiasi gani, maana hapo ndipo watu wanapouziwa matumaini kuliko dawa.

Tuanze na fizi zenyewe. Mwaka 1965 mtafiti wa Norway, Harald Löe, na wenzake walichukua watu 12 wenye fizi nzima wakawataka waache kabisa kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote walikuwa na fizi nyekundu, zilizovimba. Waliporudi kwenye mswaki, fizi zilipona kwa takriban wiki moja. Hiyo ni hatua ya kwanza ya ugonjwa: ufizi umevimba, mfupa haujaguswa, na mambo yanarudi kama yalivyokuwa. Wengi wetu tumepita hapo bila hata kujua.

Hatua ya pili, ambayo kwa maelezo yako ndiyo ya mama, ni nyingine kabisa. Ukoga usiposafishwa hushika madini ya kwenye mate ukawa mgumu, mswaki hauung'oi tena. Unateremka chini ya ufizi. Ufizi nao unaachana na jino, panatokea mfuko. Mtu mwenye fizi nzima ana kina cha milimita 1 hadi 3 kati ya ufizi na jino. Kuanzia 4 tunaanza kuhesabu mifuko, na ikifika 6 tunajua kazi ipo. Chini ya mfuko huo mfupa ulioshika jino unaliwa pole pole, mara nyingi bila maumivu yoyote, na mfupa ulioliwa haurudi wenyewe. Ndiyo sababu mama hakulalamika mpaka meno yalipoanza kucheza. Ugonjwa huu hauna kelele za jino lililooza, na kwa hilo umetudhuru sana.

Sasa kisukari kinaingiaje? Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu hunata kwenye protini za mwili, zikiwemo zile zinazofanya ufizi uwe imara, na mchanganyiko huo huchokoza chembe za kinga zimwage kemikali za uvimbe mfululizo. Chembe nyeupe za damu, ambazo kazi yake ni kumkimbilia mdudu na kummeza, hufanya kazi yake ovyo. Mishipa midogo ya damu inaharibika, kidonda kinachelewa kufunga. Mgonjwa anakojoa sana, mate yanapungua, na kinywa kikavu kinampa mdudu nafasi. Kwa hiyo ukoga ule ule ambao kwa mwingine ungeleta uvimbe mdogo, kwa mwenye sukari isiyodhibitiwa unakula mfupa. Mwaka 1993 Löe huyo huyo aliandika makala akiuita ugonjwa wa fizi tatizo la sita la kisukari, baada ya macho, figo, mishipa ya fahamu, mishipa ya damu na vidonda visivyopona. Miaka zaidi ya 30 imepita, na bado kwenye kliniki nyingi za sukari mgonjwa anaulizwa miguu na macho, kinywa hakifunguliwi. Hilo huniudhi, kwa sababu kufungua mdomo hakuhitaji mashine.

Njia ya kurudi, kutoka kwenye fizi kwenda kwenye sukari, ndiyo unayoiulizia. Mama mwenyewe atakuwa ameshaiona kwa mlango mwingine: akiugua malaria, au akipata jipu, sukari hupanda hata kama chakula ni kile kile. Mwili ukiwa vitani hutoa kemikali zinazoifanya insulini isisikilizwe. Malaria hutibiwa kwa siku chache. Fizi zikiugua, vita ni ya miaka. Watafiti waliojaribu kupima ukubwa wa eneo lililo wazi ndani ya mifuko yote ya mgonjwa wa fizi walipata sentimita za mraba 8 hadi 20. Fikiria bi mkubwa angekuwa na kidonda cha ukubwa huo mguuni, kinatoka damu kila akikigusa, mwaka mzima. Mngekuwa mmeshafika hospitali zamani.

Hayo ni maelezo ya namna inavyowezekana. Kuwezekana na kuthibitika ni vitu viwili, na hapa ndipo utafiti wenyewe unapoanza kunoga.

Ushahidi wa kwanza mzito ulitoka kwa jamii ya Pima, wenyeji asilia wa Arizona huko Marekani, ambao wana kisukari cha ukubwani kwa kiwango kikubwa mno na wamefuatiliwa na madaktari kwa miongo kadhaa. Mwaka 1996 George Taylor na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa wa sukari walioanza wakiwa na fizi mbovu sana ndio ambao sukari yao ilikuja kuharibika zaidi miaka iliyofuata. Mwaka 2005 watafiti wengine wakatoa hesabu ya watu 628 wa jamii hiyo: wenye kisukari na ugonjwa mkali wa fizi walikuwa na hatari ya kufa kwa moyo au figo mara 3.2 ya wale ambao fizi zao hazikuwa na ugonjwa, au ulikuwa mdogo au wa wastani.

Namba hiyo inatisha, lakini usiikimbilie. Mtu asiyejali meno yake huenda hajali dawa zake pia. Huenda anavuta sigara. Huenda ni maskini zaidi. Watafiti hujitahidi kuyaondoa hayo kwa hesabu, lakini hesabu haimalizi kila kitu. Kinachomaliza ubishi ni kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, hawa watibiwe fizi sasa, hawa wasubiri, kisha sukari za pande zote mbili zipimwe. Watu wa mkoa wetu hawana ugeni na jambo hili: chanjo ya malaria ya RTS,S, kabla haijakubaliwa, ilijaribiwa kwa watoto kwa kugawa namna hiyo katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, na vituo vya Tanzania vilikuwa Korogwe na Bagamoyo. Mzazi hakuchagua mtoto wake aangukie upande gani, na ndiyo maana majibu yaliaminika.

Kwa fizi, jaribio kubwa la kwanza la aina hiyo lilichapishwa Marekani mwaka 2013, likiongozwa na Steven Engebretson. Wagonjwa 514 wa kisukari cha ukubwani. Nusu walisafishwa chini ya fizi na kupewa dawa ya kusukutua, nusu wakasubiri. Baada ya miezi sita fizi za waliotibiwa zilikuwa nafuu, lakini sukari haikutikisika. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu ilionekana wazi hakuna tofauti itakayopatikana. Ungeniuliza mwaka ule, ningekujibu kwamba simu yako imekudanganya.

Kisha ukaja ugomvi. Mabingwa wengi wa fizi walisema matibabu yale hayakutosha: hata baada ya kusafishwa, wagonjwa walibaki na ukoga mwingi na fizi zilizoendelea kutoka damu. Ukitibu nusu, walisema, usishangae sukari kutosikia. Wapinzani wao wakajibu kwamba hizo ni hasira za waliokosa jibu walilolitaka. Binafsi niliona pande zote mbili zina hoja. Daktari wa meno akitetea kazi ya meno, msikilize huku umeshika mfuko wako, na mimi nimo humo.

Mwaka 2018 London ikajibu kwa njia inayofaa kujibu, yaani kwa utafiti mwingine. Francesco D'Aiuto na wenzake walichukua wagonjwa 264 wakawafuatilia kwa miezi 12. Kundi moja lilipata usafishaji wa juu juu tu. Kundi la pili lilitibiwa kwa ukali: kusafisha mifuko yote chini ya fizi, upasuaji mdogo wa fizi kwa waliouhitaji, na kurudi kila baada ya miezi mitatu. Mwisho wa mwaka HbA1c, hicho kipimo cha miezi mitatu kinachosomwa kwa asilimia, ilikuwa chini kwa 0.6 kwa kundi la pili ukilinganisha na la kwanza. Mwaka 2022 mtandao wa Cochrane, ambao kazi yake ni kukusanya tafiti zote za swali moja na kuzipima uzito, ulijumlisha tafiti 35 zenye washiriki 3,249. Matokeo: kutibu fizi kunashusha HbA1c kwa wastani wa 0.43 baada ya miezi mitatu hadi minne, na 0.30 baada ya miezi sita. Utafiti ule wa Marekani ulioshindwa nao umo ndani ya jumla hiyo, haukufichwa.

Hapo mimi nilitulia. Kwa hiyo, ndiyo, kutibu fizi kunashusha sukari, mradi zitibiwe kweli kweli na zitunzwe baada ya hapo.

Hiyo 0.43 ni kitu gani? Mama amesoma 9.4. Toa hiyo, anabaki karibu na 9.0. Lengo kwa wagonjwa wengi ni chini ya 7. Unaona mwenyewe kwamba fizi peke yake hazitamfikisha, na yeyote atakayekuambia ataacha metformin baada ya kusafishwa meno, muage kwa adabu. Lakini usiidharau. Kuna dawa za kisukari ambazo watu hununua kila mwezi na zinashusha karibu kiasi hicho hicho. Na utafiti maarufu wa Uingereza uliowafuatilia wagonjwa wa kisukari cha ukubwani ulionyesha kwamba kila pungufu la 1 kamili kwenye HbA1c liliambatana na pungufu la asilimia 37 la madhara ya mishipa midogo, yale ya macho na figo. Karibu nusu ya 1 si haba. Halafu hata sukari isiposhuka kabisa, atakuwa amebaki na meno yake.

Kuhusu jirani: fikra ya kung'oa meno ili kuponya mwili haikuanzia Makorora. Mwaka 1910 daktari wa Uingereza, William Hunter, alihutubia Montreal akidai kwamba usaha wa kinywani ndio chanzo cha maradhi chungu nzima yasiyoeleweka. Miongo iliyofuata madaktari wa Ulaya na Marekani waling'oa meno mazima ya watu kwa maelfu wakitibu baridi yabisi, matumbo na hata wazimu. Wagonjwa hawakupona, walibaki vibogoyo. Ndani ya wazo la Hunter kulikuwa na chembe ya kweli, kwamba kinywa kinausumbua mwili, ila dawa ilikuwa mbaya kuliko ugonjwa. Na kwa mgonjwa wa sukari kuna hasara ya ziada: asiye na meno hukwepa mboga ngumu, matunda, karanga na nyama, akahamia uji mwepesi, mkate laini uliochovywa kwenye chai, na viazi vya kupondwa. Vyote hivyo vinaingia kwenye damu mbio.

Kuna jino la kung'oa, sikatai. Jino linalocheza kila upande na kuzama likibonyezwa, mfupa wake umekwisha, halina faida kulibakiza. Huenda moja kati ya yale mawili ya mama liko hivyo, huenda yote mawili, huenda hakuna. Hilo huamuliwa baada ya kupimwa na kupigwa picha, na mara nyingi baada ya kusafishwa kwanza, kwa sababu jino linalocheza kwa uvimbe hukaza uvimbe ukiisha.

Shangazi naye robo yake ni hii: sukari ikiwa juu mno, kidonda huchelewa na usaha huingia kwa urahisi. Kwa sababu hiyo jino lisilo la dharura huahirishwa mpaka sukari itulie. Lakini mwenye kisukari kinachodhibitiwa anang'olewa jino na anapona. Tena jipu la jino halingoji. Bi mkubwa akivimba shavu au chini ya kidevu, akashindwa kumeza, kufungua mdomo au akapata homa, nendeni hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane, na hata sukari iwe ngapi. Jipu linaloshuka shingoni linaua, na kwa mgonjwa wa sukari halipotezi muda.

Sasa, mtafanyaje? Pale Tanga mjini hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, ndiyo mahali pa kuanzia, au zahanati yoyote yenye daktari wa kinywa na meno anayesafisha chini ya fizi. Uliza hivyo hivyo mapokezi, "mnasafisha chini ya fizi?", maana wapo wanaong'arisha meno kwa mbele tu wakakutoza. Muende asubuhi. Mama ale kifungua kinywa chake na anywe dawa zake kama kawaida. Nasema hivyo kwa sababu wagonjwa wengi huja na njaa wakidhani ni kama upasuaji wa tumbo, na anayetumia insulini au glibenclamide anaweza kuanguka kwenye kiti kwa sukari kushuka. Mchukue daftari lake la kliniki na majina ya dawa zote, hasa kama anatumia za presha au za kuzuia damu isigande.

Daktari mzuri atapitisha kipimo chembamba chenye alama za milimita kuzunguka kila jino na kuandika namba. Kama hakupima, muulizeni atajuaje kwamba mama amepata nafuu. Kisha ganzi, na ukoga mgumu utakwanguliwa upande mmoja wa kinywa hadi mwingine, mara nyingi kwa awamu mbili au zaidi. Baada ya hapo, mtayarishe mama kwa mambo ambayo yasipoelezwa huzua lawama. Meno yataonekana marefu, kwa kuwa ufizi uliovimba umenywea. Maji ya baridi yatamwuma kwa muda. Na meno yanayocheza huenda yakaonekana kucheza zaidi siku za mwanzo, kwa kuwa ule ukoga mgumu ulikuwa umeyashikanisha. Hapo ndipo huzaliwa maneno ya mtaani kwamba "kusafisha kunalegeza meno". Kilicholegeza ni mfupa ulioliwa, na uliliwa kabla hajakanyaga kwa daktari.

Arudi baada ya wiki sita hadi miezi mitatu apimwe mifuko upya, halafu kila miezi mitatu kwa mwaka wa kwanza. Mnakumbuka London: waliofanikiwa ni waliorudi. HbA1c ipimwe kabla ya kuanza na tena baada ya miezi mitatu, si mapema, kwa kuwa inahesabu sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu ambazo huishi takriban siku 120. Kipimo cha kidole hakitakuonyesha tofauti ndogo kama hii. Na kama mama ana upungufu mkubwa wa damu, au kuna selimundu kwenye ukoo, mwambieni daktari, kwani hapo HbA1c inaweza kusoma uongo.

Nyumbani, mswaki laini mara mbili kwa siku na dawa yenye floraidi. Katikati ya meno ndiko ugonjwa unakoanzia, na mswaki haufiki. Kuna vijiswaki vidogo vya kupenyeza, na kwa mwenye mifuko ni bora kuliko uzi. Mswaki wa mti si mbaya hata kidogo, ila watu wengi huusugua mbele tu wakaacha ndani na nyuma. Maji ya chumvi ya uvuguvugu yanatuliza, hayatibu. Mafuta ya karafuu yakiwa makali huunguza ufizi. Mkaa na majivu, hapana, vinakwangua jino na fizi pamoja. Dawa ya kusukutua ya klorheksidini ni ya wiki mbili kwa maelekezo; ikizidi inapaka meno rangi ya kahawia, na bi mkubwa hatakushukuru.

Mwezi wa Ramadhani una swali lake. Kama ni kufunga au kutofunga, daktari wake wa sukari aseme kwanza. Akiruhusiwa, asafishe baada ya futari na baada ya daku, na miadi ya kusafisha fizi tuipange nje ya mchana wa mfungo. Hukumu ya damu ya ufizi inayomezwa mchana nawaachia masheikh.

Tambuu. Umeuliza kama anayeuliza jambo dogo, kumbe ni kubwa. Kama ndani yake kuna tumbaku, ufizi unanyauka na kurudi nyuma pale anapoiweka. Popoo peke yake, hata bila tumbaku, inajulikana kusababisha saratani ya kinywa. Chokaa inaunguza. Nawafahamu akina mama wa pwani, tambuu ni mazungumzo, ni arusi, ni wageni sebuleni, na sitegemei umnyang'anye kijaluba leo jioni. Aanze kwa kuondoa tumbaku, kisha popoo. Siku ya kwenda kwa daktari aoneshe pia mashavu kwa ndani na chini ya ulimi. Doa jeupe au jekundu, au kidonda kilichozidi wiki mbili, kichunguzwe.

Ikitokea meno mawili yakatoka na akawekewa ya bandia ya kuvaa na kuvua, ayavue usiku, ayasugue, ayalaze kwenye maji safi. Wenye kisukari hupata fangasi chini ya meno hayo kwa urahisi, na ufizi ulio chini yake unakuwa mwekundu bila yeye kuhisi chochote.

Jambo moja hukuniuliza. Mama yako alipata kisukari akiwa na miaka 49 hivi, nawe ni damu yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban mtu 1 kati ya 11 wa miaka 25 hadi 64 hapa Tanzania ana kisukari, na wengi hawakuwa wakijua. Siku mtakayokwenda Bombo, pimwa na wewe sukari ya kabla ya kula. Ikisoma 7.0 (mmol/L) au zaidi, irudiwe siku nyingine ili ithibitishwe. Kati ya 6.1 na 6.9 uko njiani na bado unaweza kugeuza. Kwa hiyo asubuhi hiyo mama ale, wewe ndiye usile.